Naombeni ushauri: sauti yangu ni nzito na ina mikwaruzo, niendelee kuimba au niachane nayo?

Kasuku Mzito (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mwanamke na sauti yangu ni nzito. Sisemi nzito ya kupendeza kama ya watangazaji wa vipindi vya usiku. Nikipokea simu, asiyenijua ananiita kaka. Juu ya uzito huo ina mikwaruzo, na nikipanda noti za juu inapasuka. Imekuwa hivi tangu nivunje ungo, siyo jambo la juzi.

Kuimba nakupenda mno. Kwenye kwaya nilianza alto (sauti ya chini ya wanawake), nikawa sizifikii noti za juu, nikahamishiwa teno (sauti ya juu ya wanaume). Huko nazifikia bila taabu, ila mwalimu wa kwaya kila mara ananiambia "punguza, unasikika peke yako". Tulipokuwa tunajiandaa kurekodi akaniomba siku hiyo nikae pembeni. Hakunitukana, aliongea kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniuma.

Sasa kuna jamaa anapiga gitaa, ananiambia niimbe peke yangu, eti sauti yangu "ina kitu". Dada yangu anasema huyo ana yake anayoyatafuta.

Ninachotaka kujua: sauti isiyo ya kawaida inaweza kuwa sauti bora kweli, au watu huwa tunafarijiana tu? Na nikienda kwa mwalimu wa sauti, si ataisafisha mpaka ifanane na za wengine? Niambieni ukweli. Faraja ninazo za kutosha nyumbani.

Bundi wa Mchana

Weka klipu tusikie. Bila hivyo tunapiga ramli tu.

Kinubi

Dada, kabla hujalala leo mtafute Bi Kidude umsikilize. Fatuma binti Baraka wa Zanzibar. Sauti ile ilikuwa na mikwaruzo kila pembe, na hakuna aliyemwambia akae pembeni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki, akiwa tayari bibi kizee, na aliendelea kupanda jukwaani karibu hadi anafariki mwaka 2013.

Halafu sikiliza Mahlathini wa Afrika Kusini. Yule alikuwa anaunguruma. Nyuma yake waliwekwa Mahotella Queens, kina mama wenye sauti nyororo zilizopangwa vizuri, na ule mvutano kati ya ngurumo na sauti zao ndio uliokuwa muziki wenyewe. Ukimweka Mahlathini katikati ya wanaume wengine wanaoimba besi ya kawaida, anakuwa kero. Ndicho kinachokupata wewe huko teno.

Na Louis Armstrong? Mwaka 1964, akiwa na miaka 62 na sauti yake ile ya changarawe, aliwaondoa The Beatles kwenye namba moja ya chati ya Marekani. Vijana wote wale wazuri wa sura na sauti, wakapishwa njia na mzee.

Msasa

Naona mnampamba mtoto wa watu halafu akianguka hamtakuwepo. Ameomba ukweli, acheni nimpe.

Hao wanaotajwa kila swali hili linapoulizwa wote walikuja na kitu kingine mkononi. Armstrong alikuwa ameshabadilisha jinsi jazi inavyopigwa kwa tarumbeta tangu miaka ya 1920. Sauti yake ilipendwa na watu waliokuwa wanamheshimu tayari. Leonard Cohen alikuwa mshairi mwenye vitabu kabla hajatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1967. Bob Dylan, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2016, na ilikuwa Nobel ya Fasihi, hawakumpa kwa koo lake. Nina Simone, ambaye angalau ni mwanamke mwenye sauti nzito kama wewe, alisomea piano. Alianza kuimba mwaka 1954 huko Atlantic City kwa sababu mwenye baa alitaka mpiga piano anayeimba.

Kwa hiyo dada, acha kujiuliza kama sauti yako ni bora. Jiulize una nini kingine. Unatunga? Unapiga chombo? Kama huna, ujue kwa kila mmoja anayetajwa humu wapo wengi sana wenye sauti za ajabu ambao hatuwajui na hatutawajua, maana hakuna anayewaanzishia uzi.

Kinubi

Msasa hoja yako ina uzito lakini imekatwa mahali panapokufaa. Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazi wa Marekani, utamweka wapi? Nyimbo nyingi alizoimba zilitungwa na wengine. Hakuwa na sauti kubwa, na eneo lake la noti lilikuwa finyu, kama oktavu moja (do hadi do ya juu) na kidogo. Kwa vipimo vya kwaya hata alto angebanwa. Lakini msikilize anavyochelewesha maneno nyuma ya mapigo, bendi imeshafika yeye anakuja taratibu, na bado hapotei. Anauchukua wimbo ulioandikwa na noti za kupanda na kushuka, anaubana kwenye noti chache, na unaona kama ndivyo ulivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Hicho "kitu kingine" unachodai kipo ndani ya uimbaji wenyewe. Si lazima awe mshairi.

Msasa

Sawa, Billie nakupa. Ila kuchelewa nyuma ya mapigo bila kupotea ni ufundi unaotafutwa kwa miaka. Haukuja na mikwaruzo.

Mwalimu Solfa

Nimefundisha kwaya na waimbaji binafsi muda mrefu, naomba niingilie, kwa sababu mnajibu mambo matatu kama vile ni moja.

Kuna rangi ya sauti. Hii inatokana na urefu na unene wa nyuzi zako za sauti, na umbo la koo, kinywa na pua. Ndiyo inayofanya nikutambue kwenye simu kabla hujajitaja jina. Kuna usahihi, yaani kuipata noti yenyewe na kukaa na mapigo. Na kuna afya ya koo. Mtu akisema "sauti mbaya" anaweza kuwa anazungumzia lolote kati ya hayo, na mara nyingi hata yeye hajui ni lipi. Historia imesamehe rangi za kila aina. Usahihi imesamehe kidogo sana. Hao wote waliotajwa, hata anayeonekana kuongea zaidi ya kuimba, anajua noti iko wapi. Akiikwepa, anaikwepa kwa makusudi.

Kuhusu kwaya yako: mwalimu wako anatafuta sauti nyingi zisikike moja. Hiyo ndiyo kazi yake. Rangi yako inamharibia hesabu, na katika hilo ana haki. Lakini hukumu ya kwaya haihusu chochote nje ya kwaya. Kuna waimbaji wazuri mno wa kwaya ambao ukiwapa wimbo peke yao unasahau uso wao kabla hawajashuka jukwaani.

Sasa jipime. Tafuta wimbo unaoujua vizuri, jamaa akupe noti ya kuanzia, kisha anyamaze. Imba wote bila chombo ukijirekodi kwa simu. Ukifika mwisho apige noti ile uliyopaswa kumalizia. Kama mnakutana, sikio lako ni zima. Kama umeshuka au umepanda, hapo ndipo penye kazi. Usiisikilize rekodi papo hapo, iache ilale. Na usishtuke ukiichukia. Karibu kila mtu huchukia sauti yake kwenye rekodi, kwa kuwa unapoongea unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa hiyo huongeza noti za chini. Simu haina mifupa yako. Kwa hiyo hata wewe unayeitwa kaka, kwenye rekodi utajiona mwembamba kuliko ulivyozoea kujisikia.

Kuhusu kupasuka juu. Nina hakika nusu kwamba unaimba nyimbo kwenye ufunguo (kimo cha noti ambacho wimbo umewekwa) wa watu wengine. Nyimbo nyingi za kike zimewekwa juu, na wewe unavuta sauti ya kifua, ile nzito ya kuongelea, hadi mahali ambapo ilipaswa kuiachia sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Inavumilia, inavumilia, halafu inakatika. Shusheni ufunguo. Mwambie mpiga gitaa asikimbilie kapo (kibanio cha shingo ya gitaa), kapo hupandisha tu, haishushi. Itabidi abadilishe kodi zenyewe, yaani yale mafungu ya noti anayopiga kwa pamoja. Akilalamika, utakuwa umejua kitu kuhusu jamaa pia.

Na mwalimu wa sauti hakuondolei rangi, hata akitaka hawezi. Anakufundisha pumzi, kulegeza taya na shingo, na kuvuka kutoka kifuani kwenda kichwani bila kishindo. Ukimpata anayekwambia uimbe "kama fulani", mwage. Na anayekupandisha juu kila somo bila kukuuliza unajisikiaje, naye mwage.

Bundi wa Mchana

Bado nasubiri klipu.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, hao wote wanaongea muziki, mimi nakuuliza koo. Mikwaruzo ya miaka mingi inaweza kuwa maumbile tu, na inaweza kuwa vinundu kwenye nyuzi za sauti. Inaweza hata kuwa tezi ya shingoni inafanya kazi chini ya kiwango, maana nayo huifanya sauti iwe nzito na kavu. Kwa kusikiliza tu hakuna anayeweza kukuambia ni ipi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, atapitisha kamera ndogo aone nyuzi zenyewe. Ni jambo la dakika chache.

Watu wengi huogopa wakidhani watakatwa. Vinundu mara nyingi hutibiwa kwanza kwa kupumzisha sauti na mazoezi ya namna ya kuitumia, upasuaji siyo wa kukimbilia. Tena uwe na tahadhari nao: Julie Andrews, mwimbaji ambaye sauti yake ilikuwa safi kama zinavyokuja, alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti mwaka 1997 na ile sauti yake ya kuimba haikurudi.

Nataka uniambie: baada ya kuimba koo linauma? Sauti inachoka hadi jioni huongei? Kuna noti ulizokuwa nazo zamani sasa huna? Na yeyote mwingine anayesoma hapa, sauti yako ikikauka ghafla na ikapita wiki tatu bila kurudi, usingoje, hasa kama unavuta sigara.

Msasa

Hapa nakubali kwa mikono miwili. Na niongeze: usijaribu kuongeza mikwaruzo kwa makusudi kwa sababu tumekuambia kuhusu Armstrong. Nimewaona vijana wanaojikwaruza koo ili waonekane wana hisia, wanamaliza wimbo wa pili hawana sauti.

Mwalimu Solfa

Kweli. Wapo wanaoweza kukwaruza kila usiku bila kuumia, wanatumia mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti na kuziacha nyuzi zenyewe huru. Hilo halijifunzwi kwa kuiga video.

Mpita Njia

Hivi kweli tumefika huku chini na hakuna aliyemjadili jamaa wa gitaa?

Kasuku Mzito

Wakuu nimesoma yote, wengine mara mbili. Bundi, klipu siweki, samahani, humu kuna watu wananifahamu.

Nesi, koo haliumi nikiimba teno. Linauma nikilazimisha alto. Sauti huwa inachoka lakini hairudi nyuma, na noti nilizokuwa nazo ninazo. Nimeshapanga kwenda kwa daktari hata hivyo.

Kipimo cha Mwalimu Solfa tumekifanya. Ubeti wa kwanza na kiitikio nilikuwa sawa. Mwisho wa wimbo jamaa alipopiga noti nikawa nimeshuka. Siyo sana, karibu nusu noti, lakini inasikika. Kisha tukashusha ufunguo na akabadilisha kodi bila kulalamika (mnisikie nyote). Huko chini haikupasuka hata mara moja. Ila bado nilishuka mwishoni, kidogo kuliko mwanzo. Hiyo inamaanisha sina sikio?

Msasa, situngi. Nimejaribu, mashairi yangu ni ya aibu. Lakini nyimbo za watu nazijua nyingi, na huwa naona mahali ambapo mwimbaji amepita haraka na mimi ningekaa. Sijui kama hicho ni "kitu kingine".

Msasa

Hicho kinanivutia kuliko yote uliyoandika. Chukua wimbo mmoja, mmoja tu, uimbe ukikaa hapo unapotaka kukaa. Mpelekee mtu asiyekupenda wala kukuchukia. Usimpelekee dada wala jamaa.

Kinubi

Na usihame kwaya kwa hasira. Sikio linanolewa ukiwa katikati ya sauti za watu. Mwombe mwalimu wako akupe sehemu ya peke yako kwenye wimbo mmoja, halafu kwenye zile za pamoja uimbe kwa nusu sauti.

Mwalimu Solfa

Kasuku, asiye na sikio hasikii kwamba ameshuka. Wewe umesikia, na umekisia hadi kiasi. Kushuka kidogo kidogo hivyo mara nyingi ni pumzi: mwisho wa kila mstari hewa imepungua, noti ya mwisho inalegea, mstari unaofuata unaanzia pale ulipolegea, na hivyo hivyo hadi chini. Ndiyo maana ulipoacha kuhangaika juu hukushuka sana kama mwanzo, maana yake hewa ilibaki.

Fanyeni hivi. Jamaa ashike noti moja, ile ya nyumbani ya ufunguo mliouchagua (ile ambayo wimbo hutulia), aipige taratibu bila kukoma wimbo mzima, bila kodi. Wewe imba juu yake. Kila mwisho wa mstari usiikate noti, ishike hadi uisikie imekaa na ya gitaa, kisha vuta pumzi chini, mabega yasipande. Pale inapokataa kukaa, weka alama kwenye maneno. Nadhani utakuta alama zako zote ziko kwenye mistari mirefu. Zikiwa hivyo, rudi uniambie tupange wapi pa kuvuta pumzi, kwa sababu hao walioandika wimbo walikuwa na mapafu yao na wewe una yako.