Naomba ushauri: kanuni za forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinakaguliwa na bunge lipi?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Mbeya, napitisha mizigo Tunduma na bandarini Dar. Kila ikikaribia Julai Mosi tunakaa roho juu, maana viwango vya ushuru hubadilishwa kwa tangazo la Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara mdogo wa Mwanjelwa ameshaagiza mzigo kwa hesabu ya zamani. Tangazo likitoka, mtaji unayumba. Hili linaniuma kweli.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004 ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, ikawapa mawaziri wa Jumuiya mamlaka ya kutunga kanuni. Bungeni Dodoma tuna Kamati ya Sheria Ndogo, lakini naona inashughulika na kanuni za sheria zetu wenyewe. Sasa hizi za Jumuiya nani anazipekua?

Wanasheria na mawakala wenzangu, nianzie kwa mbunge wangu, kwa wawakilishi wetu Arusha, au Mahakama ya Afrika Mashariki? Mahakamani muda ni miezi miwili tu tangu kanuni itangazwe. Na kama kuna aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii, aliyaandikaje?