Mjadala: Dawa ya mapafu ya watoto njiti, bima iilipie?

Mjomba, Nyakato: Mpwa wangu alizaliwa wiki ya 30, tukavuka naye kutoka Ukerewe kuja Mwanza. Kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea, pua zinatanuka, anaguna. Daktari akatwambia mapafu hayajakomaa, hayana safaktanti, ule ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Lowesha mfuko wa nailoni kwa ndani kisha jaribu kuufungua, utaelewa alichokuwa anapambana nacho. Dawa ya kumwongezea ute huo haikuwepo. Siku ya pili tukamzika.

Chanzo kilijulikana mwaka 1959, watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walipochunguza mapafu ya watoto waliofariki kule Boston, Marekani. Mwaka 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy, alikufa kwa tatizo hilohilo akiwa na siku mbili. Wakati ule hata Ikulu ya Marekani isingeipata dawa. Lakini mwaka 1980 daktari Tetsuro Fujiwara wa Japani aliwatibu watoto 10 kwa safaktanti iliyotoka kwenye mapafu ya ng'ombe, na upumuaji wao ukabadilika. Sisi tunasubiri nini? Bima ilipe.

Nesi, Sengerema: Pole sana kaka yangu. Nimewashika watoto wa namna hiyo, najua ile sauti ya kuguna. Ila kwa sasa siungi mkono. Kichupa kimoja ni laki kadhaa, kinakaa kwenye friji, na dawa inapitishwa kwa mpira hadi ndani ya njia ya hewa. Usiku wa zamu yangu, nani atafanya hivyo?

Kuna sindano za kukomaza mapafu, anachomwa mama kabla hajajifungua. Madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha faida yake mwaka 1972, na bei yake ni ndogo. Si za kuchoma ovyo, lazima umri wa mimba ujulikane na mtoto awe na pa kutunziwa. Halafu kuna CPAP ya mapovu: mpira puani, ncha ya pili ndani ya chupa ya maji, hewa inabubujika na kuyazuia mapafu yasinywee. Hivyo viwili kwanza, na kangaruu, yaani mtoto alazwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama.

Baba wa wawili, Kirumba: Nesi, mnaposema "kwanza" huwa tunasubiri mpaka tunazeeka. Na kwa sasa anayelipa ni ukoo, kwa mchango wa simu.

Mjomba, Nyakato: Dada Nesi, nimekusikia. Basi iwekwe kwenye hospitali za rufaa tu, zenye CPAP na watu waliofundishwa, kwa mtoto ambaye CPAP imemshinda. Hapo sirudi nyuma.

Lakini sindano umenigusa. Dada yangu, mama wa mtoto, alishinda na uchungu kituo cha afya kutwa nzima kabla hatujapanda kivuko. Jana nimempigia kumuuliza kama alichomwa. Anasema alipewa panado.