Hasira ninapomuuguza mama

Mwulizaji: Ndugu zangu, mama yangu alipata kiharusi mwaka jana na mimi ndiye ninayemuuguza nyumbani, kwa kuwa kaka zangu wanaishi mbali na huona kwamba kutuma fedha kunatosha. Kumwogesha na kumgeuza kitandani nimezoea. Kinachonilemea ni hasira inayonipanda anaposukuma kijiko, uji ukamwagikia khanga niliyotoka kumvalisha. Hapo mimi hunyamaza, lakini usiku nafsi hunisuta kwamba binti mwema hawezi kumkasirikia mama mgonjwa. Kila ninapojikaza, hasira huzidi. Mliouguza wazazi, mlifanyaje?

Muuguzi mstaafu: Pole kwa kuuguza, mwanangu. Kujikaza huko ndiko kunakokuchosha. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe. Hawakuweza, na waliporuhusiwa walimfikiria zaidi kuliko walioruhusiwa tangu mwanzo. Hasira nayo haiondoki kwa amri. Ikipanda, weka bakuli chini, ujiambie kimoyomoyo, "Nimekasirika," uzisikie nyayo zako sakafuni, kisha uendelee kumlisha polepole. Je, hukohoa anapokunywa?

Msomaji: Naongeza kwamba hiyo sauti ya usiku nayo inahitaji kujibiwa. Kristin Neff, aliyechapisha mwaka 2003 kipimo cha mtu kujihurumia, hutaja mambo matatu: kujisemesha kwa upole, kukumbuka kwamba wengine nao hupitia hayo, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza wala kuyaficha. Wapo watakaosema huko ni kujidekeza. Mimi sioni hivyo, kwani jirani yako angekueleza habari hizi usingemwita binti mbaya; ungempa pole na kumshikia mgonjwa ili alale kidogo. Tena sehemu ya hasira hiyo ina haki, maana inawahusu kaka zako, ambao wanapaswa kuombwa zamu na si fedha pekee.

Mwulizaji: Asanteni sana. Shikamoo, mama muuguzi. Ndiyo, hukohoa, hasa akinywa chai. Kaka mkubwa nitampigia simu leo nimwombe aje akichukua likizo, ingawa najua shemeji hatafurahi.

Muuguzi mstaafu: Marahaba. Kiharusi huweza kudhoofisha misuli ya kumeza, na huenda anasukuma kijiko kwa kuogopa kupaliwa. Mpeleke hospitali mapema wampime anavyomeza, na hadi hapo mlishe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, wala usimlaze mara tu baada ya kula.