Jalidi imechoma viazi: kweli ni dhambi ya babu?

Mkulima_Makete: Kamwene wakuu. Jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, imechoma ekari mbili za viazi vyangu, majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Shamba la jirani ng'ambo ya kijito limepona. Shangazi anasema ni dhambi ya babu, ananisomea Kutoka 20, uovu wa baba hupatilizwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Waebrania wa kale waliamini hivyo kweli? Wiki nzima silali.

Mwalimu_Tukuyu: Pole sana mdogo wangu. Waliamini, ila hawakuishia hapo. Kumbukumbu la Torati 28 inaahidi mvua na mavuno kwa watii, ukame kwa waasi. Ahadi hizo ni za taifa zima, tena za hapa hapa duniani, maana kwa imani yao wafu wote, wema kwa wabaya, walishuka Kuzimu. Kisha wengine wakachukuliwa mateka Babeli, 597 K.K. Huko wakawa wanalalamika: baba wamekula zabibu mbichi, meno ya watoto ndiyo yanatiwa ganzi! Ezekieli akakataa katakata, sura ya 18: mwana hatabeba uovu wa babaye. Msomee shangazi, kwa upole.

Mama_Njombe: Na Ayubu je? Rafiki zake nao walisema mateso yake ni adhabu ya dhambi, Mungu akawakasirikia wao.

Mwalimu_Tukuyu: Kweli mama. Na tuzo baada ya kufufuka, si ya hapa duniani tu, inatajwa waziwazi kwenye Danieli 12.

Mkulima_Makete: Asanteni mno. Jioni naenda kwa shangazi na Ezekieli. Mwenye mbegu ya viazi aniambie.