Nataka kubobea magonjwa ya zinaa, ukweni hawataki. Naombeni ushauri

Mkunde28: Wakuu habari za jioni. Mimi ni daktari wa kike, nimemaliza intanshipu mwaka juzi, niko kituo cha afya mji mdogo. Nimepata nafasi hospitali ya KCMC, Moshi, kusomea ubingwa wa ngozi na magonjwa ya zinaa, miaka minne. Posa imeshapokelewa, ghafla baba mkwe anasema mwanawe haoi "daktari wa gono". Mchumba kanyamaza. Silali. Nishike ndoa au shule?

Babu Kijiweni: Binti, shika shule. Mimi wa kwanza aliniacha nikiwa masomoni Morogoro, leo ananipigia kuulizia bei ya mahindi. Nilimwambia gunia aje achukue mwenyewe. Hajaja.

Mama Wawili: Ubingwa wa watoto hukuuona mdogo wangu? Hao wagonjwa wako wakikuona sokoni watavuka barabara.

Kandambili: Faida ipo. Nani atamkopa akimbie, na faili analo?

Dr Machweo: Moshi nimepita. Kile kituo cha ngozi kipo tangu 1992, wanafunzi wanatoka nchi kibao za Afrika. Huko utaona ukoma, utaona saratani za ngozi za ndugu zetu wenye ualbino. Hata mafuta yao ya kujikinga na jua yanatengenezwa hapohapo. Na hiyo gono msiicheke. Utafiti wa vijijini Mwanza uliotoka 1995 ulionyesha kuwa zahanati zikitibu zinaa vizuri, maambukizi mapya ya VVU yanashuka kwa karibu asilimia 40. Ila dada, mzee alijua wewe ni daktari tangu siku ya barua ya posa. Kageuka baada ya nini?

Mkunde28: Kageuka tu. Si unawajua wazee.

Dr Machweo: Siwajui. Baada ya nini?

Mkunde28: Haya. Alikuja kituoni. Kofia hadi kwenye nyusi, kadi ina jina lingine. Nikamtambua alipojibu "naam". Kaswende. Nikamchoma sindano, sikumwita baba, naye hakuniita mwanangu. Nikampa kikaratasi cha kumleta mwenza. Alipotoka nikakikuta chini ya kiti, kimekunjwa mara nne. Wiki iliyofuata ndiyo yakaanza ya daktari wa gono.

Babu Kijiweni: Lahaula!

Mzizi Mkavu: Kwetu mkwe hata mkono hampi, wewe umemchoma sindano ya tako. Ungempisha mwenzako.

Mkunde28: Mwenzangu yupi? Zamu nilikuwa peke yangu na nesi aliyekuwa anazalisha.

Mama Wawili: Na mama mkwe je? Maskini analala na ugonjwa hajui.

Mkunde28: Nimeshampigia. Nimemwambia aje tupime afya yote, presha, sukari, damu. Sababu sikutaja, kwa hiyo siri sijatoa. Na Moshi nimeshathibitisha, ada ya muhula nimelipa. Msiniambie niache.

Kandambili: Sasa ushauri unaomba wa nini? 😂

Mkunde28: Nimwambie mchumba au nisimwambie.

Mzizi Mkavu: Mzinzi hafichwi. Mwambie, mwambie na mchungaji.

Tumbili wa Pugu: Chai hii, leteni vitumbua. Tangu lini mtu anakwenda kutibiwa kaswende kwa mkwewe? Wewe daktari, kaswende changa unaipa dozi gani?

Mkunde28: Benzathine penicillin, yuniti milioni 2.4, mara moja, kwenye msuli. Nagawa nusu tako hili, nusu lile.

Tumbili wa Pugu: Hiyo hata Google inajua.

Babu Kijiweni: Sindano hiyo ninaijua, siku mbili unakaa upande. Niliumwa miguu wakati huo, msinielewe vibaya.

Kandambili: Tumekuelewa vizuri kabisa babu.

Mkunde28: Alikwenda kwa sababu alidhani siku hiyo nipo likizo. Kwa nini nitunge?

Dr Machweo: Mimi naamini ni kweli, na hapo ndipo tatizo. Mchumba usimwambie; mgonjwa si wake. Mzee mwite peke yake, umpe kikaratasi tena, mkononi. Akikataa, muone mganga mfawidhi wako. Lakini mji mdogo, binti daktari anayekwenda Moshi, posa imepokelewa, mzee kapinga ghafla. Mtu wa hapo anahitaji dakika moja tu kumjua. Futa uzi.

Mkunde28: Hatambuliki, baadhi ya vitu nimebadilisha.

Dr Machweo: Umebadilisha nini?

Mkunde28: Hakuvaa kofia.

Tumbili wa Pugu: Nimeshapiga picha uzi wote.