Wafalme wa mwisho wa Wamerovingi: je, tumwamini Einhard?

Msomaji wa Kale:
Ndugu wanajukwaa, katika wasifu wa Charlemagne, mfalme mashuhuri wa Wafranki (watu waliotawala Ufaransa ya leo na nchi jirani), mwandishi wake Einhard anasimulia kwamba wafalme wa mwisho wa Wafranki wa ukoo wa Merovingi hawakubakiwa na kitu ila jina la ufalme, nywele ndefu na ndevu, na kwamba walisafiri kwa gari la maksai huku mamlaka yote yakiwa mikononi mwa msimamizi wa jumba la kifalme. Je, ufalme huo ulikuwa kweli ganda tupu kabla Pippin, msimamizi wa jumba, hajautwaa mwaka 751?

Mpenda Nyaraka:
Ndugu mleta mada, kwanza tujiulize simulizi hiyo ilimfaa nani. Einhard alitunzwa katika jumba la Charlemagne, ambaye ni mwana wa Pippin huyo huyo, hivyo kuwadunisha wafalme waliotangulia kulihalalisha tendo la baba. Hati za mahakama ya kifalme zinaeleza mambo mengine. Mwaka 710 mfalme Childebert wa Tatu aliamua shauri la ushuru wa soko la Saint-Denis baina ya abasia (monasteri kubwa) ya hapo na Grimoald, msimamizi wa jumba, mtoto wa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika nchi, na abasia ndiyo iliyoshinda. Mimi hati hiyo naithamini kuliko kurasa nyingi za wasifu, kwa kuwa iliandikwa ili haki fulani itekelezwe, wala si ili mtu asifiwe.

Jibu la Kusini:
Nakubaliana nawe kuhusu Childebert, lakini mambo yalibadilika baada yake. Theuderic wa Nne alipofariki mwaka 737, Charles Martel, msimamizi wa jumba na baba yake Pippin, hakumweka mfalme mwingine, akatawala peke yake hadi kifo chake mwaka 741. Kwa miaka hiyo Einhard hakukosea sana.

Mpenda Nyaraka:
Hoja yako ni nzito, ila itazame hadi mwisho wake. Mwaka 743 wana wa Charles, waliokuwa na jeshi na mali, walimtafuta Mmerovingi na kumtawaza, naye ni Childeric wa Tatu. Kama jina la mfalme lingekuwa halina uzito, wangelihitajia nini? Wakuu wa Wafranki walikubali kuongozwa na msimamizi, lakini bado waliuona ufalme kuwa ni wa damu ile yenye nywele ndefu. Ndiyo maana Pippin alitafuta kwanza kauli ya Papa Zacharia, akapakwa mafuta matakatifu, na Childeric akanyolewa na kufungiwa katika monasteri. Einhard anamtaja Papa Stefano katika jambo hilo, ilhali Stefano alishika upapa mwaka 752, baada ya tendo lenyewe.

Msomaji wa Kale:
Nashukuru sana. Nilikuwa nikizisoma nywele na mafuta kama mapambo tu ya siasa. Sasa naona kwamba kwa watu wale kumnyoa mfalme ndiko kulikokuwa kumpindua.