Madaraja ya vijijini: tung'ang'anie zege na nondo au turudi kwenye mawe?

Mleta mada: Wakuu, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania, wamekuwa wakijenga madaraja ya mawe Kigoma na kwingineko, na kila picha zikitoka watu wanaponda: "Karne hii bado tunapanga mawe?" Mimi niko upande wa mawe.

Kijijini kwetu kuna kalavati la zege lisilo na miaka mingi. Ukiinama chini yake unaona nondo zinachungulia, kutu inabanduka kama maganda ya kitunguu. Nondo ikishika kutu huvimba, inapasua zege kutoka ndani, maji yanazidi kuingia. Tao la mawe, yaani mawe yaliyopangwa kwa umbo la upinde, halina nondo. Mzigo unapopita juu, mawe yanabanana na kusukumia uzito kwenye kuta za kingoni. Jiwe ukilibana linavumilia, ukilivuta ndipo linakatika, na tao halilivuti. Kule Roma, daraja la Fabricius la mwaka 62 KK bado watu wanalivuka. Daraja la Morandi kule Genoa, Italia, la zege, lilifunguliwa 1967 na kuanguka 2018, watu 43 wakafa. Nyaya za chuma zilizofukiwa ndani ya zege zilikuwa zimeliwa na kutu.

Mchangiaji: Mkuu, la Genoa lilibeba malori usiku na mchana, hilo la Roma ni la waenda kwa miguu. Usilinganishe. Halafu mito yetu ni ya mchanga. Mafuriko yakichimba msingi, ukuta mmoja ukasogea, tao zima limekwenda. Na matao yanabana maji. Magogo yakinasa hapo, mto unahamia mashambani mwa watu.

Mleta mada: La msingi nakubali kabisa. Pasipo na ardhi ngumu, mawe yasilazimishwe. Ila la kubana maji Wachina walilitatua kwenye daraja la Zhaozhou, mnamo 605: tao moja la mita 37 hivi, bila nguzo mtoni, na mabegani mwa tao hilo, kila upande, wakaacha matao madogo ili mafuriko yapite na uzito upungue.

Tena tuangalie hela inaenda wapi. Nondo zote na saruji nyingi ya zege zinakuja kwa lori kutoka mjini. Mawe tunayo mlimani, saruji inayotakiwa ni ya kuunganishia tu, na anayelipwa ni mwashi wa hapahapa.

Mwenye daraja la mawe kwenye mto wa mchanga atuwekee picha. Ila za msingi baada ya masika, siyo za siku ya uzinduzi.